London hadi Brighton kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kuupanda Ditchling Beacon bila kushuka

Kila mwezi Juni, siku ya Jumapili, maelfu ya watu hutoka Clapham Common, kusini mwa London, wakaendesha baiskeli kilomita 87 hadi ufukwe wa Brighton, kuchangia British Heart Foundation, shirika linalogharamia utafiti wa magonjwa ya moyo. Waswahili tunaoishi Uingereza tumo. Na kila mwaka habari zinazonifikia baada ya siku hiyo ni zilezile: wamefika salama, wamefurahi, lakini pale kwenye kilima cha Ditchling Beacon, karibu na mwisho wa safari, walishuka wakasukuma baiskeli.

Kusukuma si dhambi, na mchango wa mtu aliyesukuma unafanya kazi sawa na wa aliyepanda mlima wote. Ila wengi wanaoniandikia walitaka kupanda na walikuwa na miguu ya kutosha. Mlima uliwakuta tayari wameishiwa: gia za baiskeli nzito, tumbo tupu, na nguvu zilizomwagwa asubuhi pale kilomita za kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kazi miezi mitatu kabla ya Juni.

Onyo la kwanza kabisa. Kama una presha, kisukari, historia ya ugonjwa wa moyo kwenye familia, au ni miaka mingi hujatoa jasho, zungumza na daktari wako kabla ya kuanza mazoezi. Ukiwa barabarani ukasikia kifua kinabana, maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani, au kizunguzungu cha ghafla, simama na upige 999. Usijiambie ni uchovu tu.

## Vifaa vya kuwa navyo

Vya lazima:

- Baiskeli yenye gia, breki mbili zinazoshika sawasawa
- Kofia ngumu inayokukaa vizuri, isiyowahi kuanguka vibaya
- Tyubu mbili mpya za saizi ya tairi zako
- Vijiti viwili au vitatu vya plastiki vya kung'olea tairi
- Pampu ndogo ya kufunga kwenye fremu
- Spana ndogo za kukunja
- Chupa mbili za maji, na vishikio vyake kwenye fremu
- Kaptura ya baiskeli yenye sponji (haivaliwi na chupi ndani, mishono ya chupi ndiyo inayochuna ngozi)
- Koti jepesi la mvua linalokunjika mfukoni
- Simu yenye chaji, kadi ya benki, na namba ya mtu wa kupigiwa ukipata shida

Vya kusaidia: glovu, miwani ya kuzuia wadudu na vumbi, mafuta ya kupaka sehemu zinazosuguana, mafuta ya jua. Ndiyo, hata sisi. Kukaa saa sita kwenye jua la Juni huunguza shingo ya kila mtu.

Huhitaji baiskeli ya pauni 2,000. Baiskeli ya kawaida iliyopitiwa na fundi mzuri itakufikisha.

## Hatua ya 1: Jiandikishe, na siku hiyohiyo panga utakavyorudi

Nafasi hulipiwa kupitia tovuti ya British Heart Foundation. Utapewa namba na muda wako wa kuondoka, kwa sababu watu hawaachiwi wote kwa mkupuo. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua muda wa mapema. Barabara inakuwa wazi zaidi, jua halijawa kali, na ukipata pancha una saa za kutosha mbele yako.

Sasa jambo linalowaumiza wengi: kurudi. Siku ya tukio hili treni za kutoka Brighton kwenda London hazichukui baiskeli isipokuwa zile zinazokunjwa. Mtu anafika ufukweni amechoka, anakwenda stesheni, anazuiwa mlangoni. Waandaaji huuza tiketi za mabasi ya kurudi na malori ya kubeba baiskeli. Zinunue mapema, maana huisha. Au mwombe ndugu mwenye gari lenye kibebeo cha baiskeli akusubiri, naye umpangie sehemu ya kuegesha mbali na ufukwe.

Panga pia kufika Clapham. Baiskeli isiyokunjwa hairuhusiwi kwenye treni za chini ya ardhi zinazopita vituo vya Clapham, na treni za Jumapili alfajiri ni chache. Anayeishi London aendeshe polepole hadi hapo, itampasha misuli. Anayetoka mbali alale kwa jamaa Jumamosi usiku.

Umefaulu ikiwa una vitu vitatu kwenye barua pepe: uthibitisho wa nafasi, muda wa kuondoka, na tiketi ya kurudi yako na ya baiskeli.

## Hatua ya 2: Hesabu meno ya gia zako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Ditchling Beacon ni kilima cha mita 248 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kukipanda ina urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na wastani wa mwinuko wake ni kama asilimia 9: kila mita 100 unazosogea mbele, unapanda mita 9. Kuna vipande vinavyozidi asilimia 15. Unakutana nacho ukiwa umeshapita kilomita 70 na ushee.

Mwendeshaji wa kawaida hukipanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kila dakika. Sasa tazama baiskeli yako. Hesabu meno ya sproketi (gurudumu lenye meno linaloshika mnyororo) ndogo kabisa ya mbele, kisha meno ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Hiyo ndiyo gia yako nyepesi kuliko zote.

Tuseme mbele una 34 na nyuma 25. Kwa tairi la kawaida la baiskeli ya barabarani, mzunguko mmoja wa pedali utakusogeza karibu mita 2.9. Kwa mita 100 kwa dakika, miguu itazunguka mara 35 tu. Hapo kila mkanyago ni kama kunyanyua gunia, goti linalia, na baiskeli inaanza kuyumba kulia na kushoto. Ukikosa nguvu kwa mkanyago mmoja tu, unaanguka.

Badilisha ya nyuma iwe 34. Mzunguko mmoja sasa ni mita 2.1, na miguu itazunguka karibu mara 48. Mwendo ni uleule, mlima ni uleule, ila kila mkanyago umepungua uzito kwa zaidi ya robo. Ukiwa na baiskeli ya milimani yenye 22 mbele na 32 nyuma, utafika mizunguko karibu 70, na utapanda bila presha.

Kanuni ninayompa kila anayeniuliza: sproketi kubwa ya nyuma iwe na meno sawa au zaidi ya sproketi ndogo ya mbele. Kama haiko hivyo, peleka baiskeli kwa fundi. Mwambie unataka kaseti, yaani seti ya sproketi za nyuma, yenye gia nyepesi zaidi kwa ajili ya Ditchling. Mafundi wa London na Sussex wanaujua mlima huo kwa jina. Atakuambia kama mkono wa kubadilishia gia nyuma unaweza kuibeba kaseti kubwa, na atabadilisha mnyororo uendane na urefu mpya.

Onyo: usibadilishe kaseti na kubakiza mnyororo uliochakaa. Utaruka meno pale pale unapokanyaga kwa nguvu.

Mwenye baiskeli ya milimani ana gia nzuri tayari. Shida yake ni matairi yenye vinundu, yanayovuta lami kilomita zote 87. Weka tairi laini, nyembamba kidogo, na utashangaa baiskeli inavyoteleza.

Ukiwa kwa fundi, maliza na haya:

Urefu wa kiti. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulalia upande. Ukikanyaga kawaida, kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kilicho chini sana ndicho chanzo cha maumivu mengi ya goti kwa watu wetu, kwa sababu tumezoea kukishusha ili miguu yote miwili iguse ardhi tukisimama.

Breki. Baada ya mlima kuna mteremko. Mpira wa breki uliobaki mwembamba ubadilishwe sasa, usisubiri Juni.

Upepo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Jaza ndani ya kiwango hicho. Tairi lenye upepo mdogo linabana tyubu kwenye rimu kila unapopiga shimo, na hiyo ndiyo pancha ya matundu mawili yanayofanana.

Tena, jifunze kuziba pancha mwenyewe. Mafundi wako njiani, ila foleni zao ni ndefu. Fanya zoezi hilo jikoni kwako mpaka uweze kutoa tairi la nyuma, kubadilisha tyubu na kurudisha gurudumu kwa dakika 15. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu ukitafuta mwiba au kipande cha kioo. Asiyefanya hivyo hupata pancha ya pili baada ya dakika tano.

Umefaulu ikiwa unaweza kupanda kilima kikali cha mtaani kwenu ukiwa umekaa, bila kuyumba, na bado una gia moja nyepesi ambayo hujaitumia.

## Hatua ya 3: Wiki 12 za mazoezi

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mbili fupi katikati ya wiki, za dakika 45 hadi saa moja, na moja ndefu Jumamosi au Jumapili. Anayefanya kazi za zamu, na wengi wetu tuko huko hospitalini na kwenye nyumba za wazee, apange kufuata zamu zake. Usiendeshe mwendo mrefu ukitoka zamu ya usiku. Macho yanafumba.

Wiki ya 1 hadi ya 4. Mwendo mrefu uanze kilomita 20 na upande hadi 35. Lengo ni makalio, mikono na shingo kuizoea baiskeli. Endesha kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema.

Wiki ya 5 hadi ya 8. Panda hadi kilomita 40, kisha 60. Ongeza vilima mara moja kwa wiki. Walio London wana Swains Lane kule Highgate, fupi lakini kali, na barabara za Crystal Palace. Richmond Park ina mzunguko wa karibu kilomita 11, mzuri kwa mwendo mrefu usio na taa za barabarani. Mwenye nafasi aende Box Hill, Surrey: kilomita 2.5 kwa wastani wa asilimia 5. Haina ukali wa Ditchling, ila inakufundisha kutulia kwenye mlima mrefu. Ukiwa Leicester au Northampton, tafuta kilima chochote cha dakika tano na ukipande mara nne, ukiteremka taratibu kupumzika.

Wiki ya 9 hadi ya 11. Mwendo mrefu ufike kilomita 65, halafu 75. Si lazima ufike 87. Kilichokufikisha 75 kitakufikisha Brighton, hasa siku hiyo ambapo pembeni ya barabara kuna watu wanakupigia makofi.

Sasa lile ambalo wengi huliacha. Weka kilima mwisho wa mwendo mrefu. Watu hupanda vilima asubuhi wakiwa wapya, wakaridhika. Ditchling haitakukuta mpya. Endesha kwanza kwa muda wa saa tatu, ndipo ukipande kile kilima chako kikali. Fanya hivyo angalau mara mbili kabla ya Juni. Ndivyo miguu inavyojua kupanda ikiwa imechoka, na ndivyo wewe unavyojua ni gia ipi utakayoihitaji.

Wiki ya 12. Punguza. Miendo miwili ya nusu saa, basi. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayaongezi nguvu, yanaongeza uchovu.

Endesha pia na wenzako. Siku ya tukio utakuwa katikati ya umati, baiskeli ziko kulia, kushoto, mbele na nyuma. Jifunze kwenda mstari ulionyooka, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, na kupaza sauti kabla ya kufunga breki. Ndugu zetu waliokulia Kongo, Rwanda na Burundi wakumbuke kwamba hapa tunapita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu akichoka, mazoea ya utotoni hurudi, na mzunguko wa barabara ndipo yanapojitokeza.

Umefaulu ikiwa kesho yake baada ya kilomita 75 unaweza kwenda kazini na kupanda ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 4: Michango

Kuchangishana tunakujua. Harusi, msiba, karo ya mtoto wa dada: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, orodha inaanza kuzunguka. Desturi hiyo ni nguvu kubwa hapa, ila mfumo wa Uingereza una jambo moja la kuangalia.

Ada ya kujiandikisha ni jambo moja, fedha za wafadhili wako ni jingine. Fungua ukurasa wako wa michango mtandaoni ili kila mtu achangie mwenyewe kwa kadi yake. Sababu ni Gift Aid. Mchangiaji anayelipa kodi Uingereza akiweka alama kwenye kisanduku hicho, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Pauni 20 inakuwa 25 bila yeye kulipa zaidi.

Onyo: usikusanye fedha taslimu za watu 15, ukazilipa kwa kadi yako, kisha ukaweka alama ya Gift Aid. Fedha hizo si zako, na huruhusiwi kudai nyongeza hiyo juu yake. Vilevile shangazi aliye Mombasa au Dar es Salaam anakaribishwa kuchangia, lakini kama halipi kodi Uingereza asiweke alama.

Uliza kwa majina. Ujumbe wa jumla kwenye kundi la watu 200 kila mtu huusoma akidhani mwingine atajibu. Mwandikie mtu mmoja mmoja, umweleze kwa nini unaendesha. Karibu kila familia yetu ina mtu aliyeanguka kwa presha au moyo, na jina lake lina uzito kuliko maelezo yoyote. Weka mchango wako wa kwanza mwenyewe, usiuache ukurasa ukisoma sifuri.

## Hatua ya 5: Chakula cha siku mbili za mwisho

Jumamosi kula wali, ugali, viazi au tambi kwa wingi wa kawaida. Maharage na kabichi viache, tumbo litajaa gesi. Pilau yenye mafuta mengi isubiri Jumapili jioni. Kunywa maji siku nzima, si lita mbili kwa mpigo usiku.

Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, kula uji mzito wa shayiri au wa unga wetu, mkate, ndizi. Usijaribu kitu kigeni siku hiyo. Kila utakachokula barabarani uwe umekila kwenye mazoezi, tumbo likakikubali.

Barabarani mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Tende tatu kubwa aina ya Medjool zina karibu 50, hazipondeki mfukoni, na zimetutoa kwenye funga tangu utotoni. Toa kokwe nyumbani. Chapati iliyokunjwa na jemu ni nzuri pia. Maandazi na sambusa waachie wanaokusubiri Brighton, mafuta yake husagika taratibu mno.

Kula kabla ya njaa. Anza dakika 45 baada ya kuondoka, kisha kila nusu saa. Kunywa mafunda machache kila dakika 15, karibu nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na jua. Njaa ikishakushika kwenye baiskeli, miguu inakufa ganzi, na chakula utakachokula hapo kitachukua muda mrefu kukurudisha.

## Hatua ya 6: Kutoka Clapham hadi Ditchling

Fika nusu saa kabla ya muda wako. Nenda chooni. Kagua breki na upepo mara ya mwisho.

Kilomita za kwanza ni mji: Mitcham, Carshalton, taa za barabarani, misongamano. Utasimama na kuondoka mara nyingi, na hapo watu hukanyaga kwa hasira wakitaka kufidia. Waache wapite. Nguvu unayotumia kumpita mtu mmoja pale Mitcham ndiyo utakayoikosa Ditchling.

Baadaye London inaisha na vilima vya North Downs vinaanza. Vipande kadhaa vitakufanya ushushe gia mapema. Shusha bila kuona haya.

Karibu na katikati ya safari kuna Turners Hill, kijiji kilicho juu ya mlima. Wengi husimama hapo juu kupumzika. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Ukikaa saa nzima kwenye majani, misuli inapoa na kuondoka kunakuwa adhabu. Jaza chupa zote mbili hapa au kituo kinachofuata.

Kuanzia hapo ni Ardingly, kisha Lindfield, kijiji chenye bwawa na uwanja mpana. Lindfield kula, hata kama huna hamu. Kilichoingia tumboni hapo kitakuwa kimefika miguuni ukianza kupanda. Ukisubiri ule chini ya mlima, utapanda na chakula tumboni na miguu mitupu.

Kilomita za mwisho kabla ya kijiji cha Ditchling punguza kasi kwa makusudi. Safu ya South Downs utaiona mbele yako kama ukuta wa kijani. Huo ndio mlima wenyewe, uko hapo hapo, na hautakimbia.

Umefaulu ikiwa unaingia Ditchling ukiweza bado kuongea sentensi nzima na chupa moja haijaisha.

## Hatua ya 7: Kupanda Ditchling Beacon

Ukitoka kijijini kuna kipande kifupi kisicho na mlima mkali. Fanya mambo matatu hapo.

Kwanza, hamisha mnyororo kwenda sproketi ndogo ya mbele ukiwa bado unakanyaga kwa wepesi. Ukijaribu kufanya hivyo mlimani, ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo utadondoka. Pili, kunywa. Tatu, fungua zipu ya shati. Joto la kupanda taratibu hakuna upepo wa kulipoza.

Barabara ni nyembamba, imefunikwa na miti, na inajipinda. Huoni kilele. Kutokuona huko kunawavunja watu moyo: kila kona wanadhani ni ya mwisho, wanamwaga nguvu, kumbe kuna nyingine. Kwa hiyo usitafute kilele. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, kilomita moja na nusu ni dakika 15. Tazama saa ukianza, na ujipe dakika hizo.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Dakika tatu za kwanza zikuchoshe kidogo tu. Kaa, sogea mbele kidogo kwenye kiti, mikono ilegee kwenye usukani. Pumua nje kwa nguvu, kuvuta ndani kutajileta kwenyewe. Panapokaza sana simama kwenye pedali kwa mikanyago 10 hivi, kisha kaa tena. Pako mahali mwinuko unalegea kidogo: pumzikia hapo kwa kuendelea na mwendo uleule, usiongeze kasi.

Kona kali, upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkubwa. Pita nje kidogo kama pako wazi, ukishatazama nyuma.

Mbele yako wengi watakuwa wanatembea. Paza sauti mapema, kwa upole, useme unapita kulia kwao. Ukiona njia imezibwa kabisa, punguza na usubiri mwanya, usijipenyeze katikati ya watu wawili.

Ukilazimika kusimama kwa sababu mtu ameanguka mbele, hujashindwa. Sogea kushoto. Kuanza tena: gia nyepesi kabisa, shika breki, weka pedali ya mguu wenye nguvu juu kidogo ya usawa na mbele, achia breki na ukanyage kwa pamoja. Njia ikiwa tupu, elekeza gurudumu kimshazari kwa mita chache ili kupunguza ukali. Na ukiamua kutembea, tembea ukingo wa kushoto kabisa, baiskeli upande wako wa kushoto, uwaachie njia wanaopanda.

Umefaulu ikiwa miti inaisha ghafla, upepo unakupiga usoni, na upande wa nyuma unaiona Sussex yote uliyopita. Mita chache zaidi ndipo kilele na maegesho. Toka barabarani kwanza ndipo usimame.

## Hatua ya 8: Mteremko, Brighton, na baada yake

Vaa koti kama umelowa jasho. Kula kitu kidogo.

Kuteremka ndiko kunakotaka akili zaidi kuliko kupanda, kwa sababu umechoka, umefurahi, na kasi inakuja bure. Funga breki zote mbili kabla ya kona, si ndani yake. Usishike breki moja kwa moja muda mrefu, bana na kuachia. Acha nafasi ya baiskeli nne hivi mbele yako. Kuna watu wa siku yao ya kwanza pale, na hujui watafanya nini.

Mjini taa na magari vinarudi. Fuata wasimamizi hadi Madeira Drive, kando ya bahari, ambapo watu wamejipanga kwenye uzio wakishangilia.

Ukishavuka mstari usilale chini papo hapo. Tembea dakika 10, kunywa, kula chakula chenye wanga na protini ndani ya saa moja. Kabidhi baiskeli kwenye lori kabla hujakwenda kula samaki na chipsi, foleni hurefuka kadiri jioni inavyokaribia, na basi lako lina saa yake.

Kesho yake watumie waliokuchangia picha moja na kiasi kilichopatikana. Ukurasa wa michango uache wazi wiki chache zaidi, kwa sababu wale walioahidi na kusahau hulipa wakiiona picha hiyo.